Kabla ya Kushika Ufagio: Mbayuwayu Katika Mazizi Yetu

(Mazungumzo yaliyotolewa kwa vikundi vya kujisaidia vya Gatongora)

 Wengi wenu mlitarajia leo tuzungumze juu ya mikopo, au juu ya kuweka akiba ya nyasi kabla ya kiangazi. Hayo yatakuja. Leo tunaomba mtuvumilie kidogo, kwa maana tunataka kuzungumza juu ya ndege mdogo sana. Ukiweka wawili wake kwenye mizani, hawafikii uzito wa yai moja la kuku. Ndege huyo ni mbayuwayu.

Mtauliza, ndege na maendeleo wapi na wapi? Sababu ni hii. Sasa ni Machi, na mvua ya njahi iko karibu. Udongo ukishalowa, mbayuwayu wataanza kuingia katika mazizi, katika stoo, hata chini ya paa la kanisa, wakibeba matope mdomoni. Katika mkutano uliopita watu kadhaa walisema, "Mwaka huu tuwaondoe mapema, kabla hawajachafua." Sisi tuliokuwa tumekaa nyuma tulinyamaza. Tulinyamaza kwa sababu tuliwahi kuwaondoa, na tunajua kilichofuata. Basi leo tumekuja kukiri, na baada ya kukiri, kuwaeleza tuliyojifunza.

YALIYOTUPATA SISI

Kikundi chetu ni cha wafugaji wa ng'ombe wa maziwa. Kila mwanachama ana zizi lake, lakini maziwa tunayakusanya katika banda moja la mabati, kisha yanakwenda kwa mnunuzi kwa pamoja. Msimu mmoja wa mvua, maziwa yakaanza kurudishwa. Siku ya kwanza ulirudi mkebe mmoja. Siku ya pili, mikebe miwili. Mnajua wenyewe maana ya maziwa kurudi. Ni karo ya mtoto imerudi. Ni mchango wa mzunguko wa mama fulani ambao hautatimia Jumamosi. Watu wakaanza kutazamana vibaya. Huyu anasema yule ametia maji, yule anasema huyu ana ng'ombe mgonjwa wa kiwele.

Tukaitisha kikao pale pale bandani. Katikati ya maneno, mmoja wetu akainua kidole juu. Kwenye boriti, chini ya mabati, palikuwa na kiota cha mbayuwayu, na chini yake sakafu ilikuwa nyeupe kwa mavi ya ndege. Jamani, tulifurahi! Adui amepatikana, na adui huyo hana jina la mtu. Tukachukua mti wa ufagio, tukakipiga kile kiota mara mbili, kikaanguka. Ndani mlikuwa na makinda matatu ambayo hayajaota manyoya. Watoto waliotoka shule walikuwa wamesimama mlangoni wakitazama. Wale ndege wawili, baba na mama, waliingia na kutoka, kuingia na kutoka, mpaka giza likaingia, wakiwa bado na wadudu mdomoni.

Kesho yake maziwa yakarudi tena. Na kesho kutwa.

Hapo ndipo tulipomwita afisa wa mifugo. Yeye hakuangalia juu hata kidogo. Alisema, "Nionyesheni vyombo." Tulikuwa tukikama na kubebea maziwa katika jerikeni za plastiki, zile zilizowahi kutiwa mafuta ya kupikia. Mdomo wake ni mwembamba, mkono hauingii. Akafunga kitambaa cheupe kwenye kijiti, akakisugua ndani kabisa kwenye kona, akakitoa. Kitambaa kilitoka na utando wa njano, na harufu yake hatutaisahau. Maziwa ya leo yalikuwa yakichachushwa na maziwa ya juzi.

Tulichanga, tukanunua mikebe ya alumini yenye mdomo mpana. Tukaanza kuisugua kwa maji moto na sabuni, kuisuuza na kuianika juani ikiwa imefunikiwa juu ya kichanja. Maziwa yakakubaliwa. Kosa lilikuwa hapa chini, mikononi mwetu, nasi tulikwenda kulitafuta juu darini.

NI MBAYUWAYU YUPI HUYU?

Baada ya hayo tuliona aibu, tukataka kumjua vizuri huyu tuliyemhukumu bila kumsikiliza. Mama mmoja katika kikundi akauliza swali zuri sana. Alisema, "Nimesikia mbayuwayu wanatoka Ulaya na hawatagi huku. Kama ni hivyo, mbona viota tunaviona?" Jibu ni kwamba mbayuwayu si mmoja. Kuna mwenyeji na kuna mgeni.

Mwenyeji ni mbayuwayu mwenye michirizi. Kichwa chake ni cha rangi ya udongo mwekundu, na kifua chake cheupe kina michirizi myeusi kama karatasi ya daftari. Huyu ni mzaliwa wa Afrika. Ndiye anayejenga kile kiota kama kibuyu kilichobandikwa darini, chenye shingo ya kuingilia kama bomba fupi. Hukijenga donge kwa donge. Anashuka kwenye dimbwi, anajaza mdomo tope, anapanda, anabandika, anaacha likauke, anarudi. Kiota kimoja ni mamia ya madonge. Sisi tunasema haba na haba hujaza kibaba. Yeye hasemi, anajenga. Ndani huweka manyoya na nyasi laini, na jike hutaga mayai meupe, mara nyingi matatu. Tangu yai kuatamiwa mpaka kinda kuruka ni kama majuma matano. Kiota kikibaki salama, hukirudia msimu mwingine, wakakitengeneza palipobomoka. Wakati mwingine hunyang'anywa na ndege mwingine, teleka mwenye kiuno cheupe, ambaye hupenda sana nyumba aliyojenga mwenzake. Hata kwa ndege kuna wenye tabia hiyo!

Mgeni ni mbayuwayu wa Ulaya na Asia. Mgongo wake ni mweusi unaong'aa buluu, paji na koo ni rangi ya matofali, na mkia ni wa panda wenye ncha ndefu nyembamba. Huyu huanza kuonekana kwetu karibu na Septemba. Mtawaona wamejipanga kwenye nyaya za stima, au wakipita chini chini mbele ya ng'ombe wanaolishwa, wakiokota wadudu wanaorushwa na kwato. Hapa kwetu hajengi. Anakula, analala pamoja na wenzake kwenye matete ya mabwawa, na anabadilisha manyoya yake. Manyoya chakavu aliyokuja nayo yanaanguka kidogo kidogo, yanaota mapya. Kufikia Machi na Aprili anaondoka. Ni kusema mabawa yanayomrudisha kwao yameoteshwa na wadudu wa huku kwetu.

KWAO NI ZIZINI

Na kwao ni wapi? Hapa ndipo tuliposhangaa. Kwao pia ni zizini! Wanaofika Afrika Mashariki hutoka hasa pande za Urusi na nchi jirani zake. Huko kuna miezi ya theluji ambayo mdudu haruki kabisa. Theluji ikiisha, mnamo Aprili na Mei, mbayuwayu hurudi na kuingia katika mazizi ya ng'ombe, mabanda ya farasi na maghala ya nyasi, na kujenga juu ya boriti kikombe cha udongo kilicho wazi juu. Mkulima wa huko akimwona wa kwanza anajua baridi imekwisha. Nchi ya Estonia imemfanya kuwa ndege wake wa taifa.

Zamani watu wa Ulaya hawakujua ndege hawa huenda wapi. Wako wenye elimu walioamini kwamba hujizika ndani ya matope chini ya mabwawa na kulala huko mpaka joto lirudi. Ukweli ulipatikana kwa pete. Mnamo Mei 1911 wakili mmoja Mwingereza, John Masefield, alimvisha mbayuwayu pete ndogo ya chuma mguuni, nyumbani kwake Cheadle, Staffordshire. Tarehe 23 Desemba 1912 ndege yule alikamatwa ndani ya nyumba ya shambani karibu na Utrecht, Natal, huko Afrika Kusini, pete ikiwa mguuni. Njia hiyo ni kama kilomita 10,000. Kutoka nyumba ya mtu mpaka nyumba ya mtu! Hapa Kenya nasi, tangu 1969, ndege wahamao hukamatwa kwa nyavu laini huko Ngulia, ndani ya Tsavo Magharibi, wakavishwa pete na kuachiliwa waendelee na safari.

Fikirini safari hiyo. Ndege wa gramu 20 anavuka majangwa na bahari, hana mzigo wala mfuko, chakula chake ni mdudu atakayekutana naye angani. Wengi hufa njiani. Anayefika amefika kwa neema. Nabii Yeremia, katika sura ya nane, anamtaja mbayuwayu miongoni mwa ndege wanaojua majira yao, kisha anawageukia watu na kusema kwamba wao hawaijui hukumu ya Bwana. Na Zaburi ya 84 inamwonyesha mbayuwayu amejipatia mahali pa kulea makinda yake karibu na madhabahu ya Bwana. Tulipoisoma zaburi hiyo katika kikundi, tulimkumbuka yule aliyependekeza tusafishe paa la kanisa. Alicheka mwenyewe.

NYUMBA ZINAPUNGUA

Sasa tuje kwenye jambo zito. Ninyi mliokulia hapa mnakumbuka Gatongora na Ruiru ya kahawa. Palikuwa na mistari ya kahawa mpaka macho yanachoka, mabwawa ya kunyunyizia maji, mabanda ya kukaushia, mifereji ya tope, na ng'ombe wa wenyeji kando kando. Leo sehemu kubwa ya mashamba yale imekatwa ploti. Hatuwalaumu waliouza wala walionunua. Watu wanahitaji mahali pa kuishi, na wengine wetu tumejenga humo humo. Lakini angalia kilichobadilika kwa mbayuwayu. Ua umemiminwa saruji, tope hakuna. Nyumba mpya ina dari iliyozibwa kila mahali. Ng'ombe ameuzwa, na nzi wake ameondoka naye. Kinachobaki ni mazizi yetu machache haya.

Na huko kwao mambo ni yale yale. Katika sehemu nyingi za Ulaya wakulima wameacha ufugaji mdogo, mazizi ya zamani yamefungwa au yamegeuzwa nyumba za kuishi, na dawa za shambani zimepunguza wadudu. Mbayuwayu wamepungua katika nchi nyingi kati ya hizo. Ndiyo kusema ndege huyu amebanwa pande mbili. Mwenye zizi la kule na mwenye zizi la huku hawatakutana kamwe, lakini wanamlea kiumbe mmoja. Yule wa kule akitunza boriti yake na sisi tukaitia sumu mbuga yetu, kazi yake imekwenda bure.

Msiseme kwamba wanyonge hawawezi kitu. Karibu na Durban, Afrika Kusini, kuna kijiji kiitwacho Mount Moreland. Katika matete yake walikuwa wakilala mbayuwayu wageni waliokadiriwa kufikia milioni tatu. Ulipopangwa uwanja mkubwa wa ndege karibu hapo, wenyeji na wapenda ndege walisema wazi wazi kwamba matete yasiguswe. Uwanja ulijengwa na kufunguliwa mwaka 2010, lakini uliwekewa rada ya kuwaona ndege jioni wanaporudi kulala ili eropleni zisigongane nao. Maendeleo yalikuja, na mbayuwayu hawakufukuzwa.

TUFANYE NINI?

Hatukuja kuwaambia mwache mavi ya ndege yaanguke kwenye maziwa. La! Mavi ya ndege yanaweza kubeba vijidudu vya ugonjwa, na anayejali usafi ana haki ya kulalamika. Lakini dawa yake si ufagio. Haya ndiyo tuliyojaribu sisi wenyewe.

Kwanza, ubao. Chukua kipande cha ubao au bati kilicho kipana kuliko kiota, ukipigilie kama futi mbili chini yake. Uchafu utaanguka hapo. Makinda yakisharuka, ukishushe na kukifagia. Mavi hayo yachanganye na mboji, ni mbolea. Ukifanya kazi hiyo funika pua kwa kitambaa, na unawe mikono.

Pili, mahali pa kukamia na mahali pa kulishia pasiwe chini ya kiota. Ukiona ndege ameanza kubandika madonge ya kwanza juu ya mkebe wako wa maziwa, hapo unaweza kumzuia mapema, kwa kuning'iniza gunia. Atahamia boriti nyingine. Lakini akishataga, umechelewa. Subiri yale majuma matano.

Tatu, funika maziwa. Hili ni la lazima, mbayuwayu awepo asiwepo. Na tupeni zile jerikeni!

Nne, angalia dawa unazonyunyiza. Dawa ya kupe ni ya ng'ombe, kwa kipimo kilichoandikwa, si ya kumwagwa ukutani na darini kila unapoona nzi. Wadudu waliokula sumu wakiliwa na ndege, sumu inakwenda kwa makinda. Mtungi wa dawa usioshwe kwenye dimbwi wala mtoni.

Tano, tusimdanganye mtu. Mbayuwayu anakula nzi na mbu wengi sana, tangu alfajiri mpaka jioni, lakini hawezi kuwamaliza. Zizi lisilozolewa samadi litazalisha nzi hata ungekuwa na viota kumi. Samadi izolewe kila siku, kisha ndege akusaidie kwa waliobaki. Ndege ni msaidizi, si kibarua wetu.

Sita, wakati wa kiangazi kirefu, pale maji ya kuoshea yanapomwagika, acheni kipande kidogo cha udongo mtupu kiwe na tope. Hakigharimu kitu. Na anayejenga zizi jipya aache nafasi ya kupitia chini ya paa.

Saba, watoto. Watoto walituona tukibomoa, na tunaogopa kwamba walijifunza. Basi tumewapa kazi. Kila Septemba wanaandika katika daftari siku waliyomwona mgeni wa kwanza kwenye nyaya, na kila Aprili siku waliyomwona wa mwisho. Pia wanaandika ni viota vingapi vya mwenyeji viko katika mazizi yetu. Vikundi vingine vikifanya hivyo hivyo, baada ya miaka michache tutajua wenyewe kama wanaongezeka au wanapungua, bila kungoja mtu wa kuja kutuambia. Anayetaka kujifunza zaidi anaweza kuwaendea Nature Kenya, chama kilichoanza mwaka 1909 kikiitwa chama cha historia ya viumbe cha Afrika Mashariki na Uganda, chenye ofisi Nairobi.

MWISHO

Wapendwa, tulipokibomoa kile kiota, ndege wale hawakurudi msimu ule. Msimu uliofuata pia hawakurudi. Pale kwenye boriti palibaki alama ya mviringo ya udongo, na kila tulipokusanya maziwa tuliiona. Hakuna aliyetaka kuisugua.

Mwaka jana, mvua ya njahi ilipoanza, jozi moja iliingia bandani. Hatujui kama ni wale wale. Walizunguka, wakatoka. Kesho yake wakaja na tope. Hawakujenga pale pa zamani. Walijenga juu ya mlango, mahali pabaya kabisa, tunapopita sote na mikebe. Kikao kikaitishwa tena, na safari hii kilikuwa kifupi. Mweka hazina alitoa ubao, fundi wetu akatoa misumari minne. Tulipitia mlango ule kwa kuinama kidogo, majuma yote yale, mpaka makinda yakaruka.

Hilo tu ndilo tunalowaomba. Siku maziwa yakirudi, tazameni kwanza mikebe. Na mvua ikinyesha mkamwona mbayuwayu anaingia na tope mdomoni, kabla ya kushika ufagio, tafuteni ubao.